Kupima Hali ya Mazingira ya Pwani ya Tanga Kabla Kikao Hakijaamua: Mwongozo kwa Halmashauri na BMU

Mwongozo huu umeandikwa kwa maofisa mazingira na maofisa uvuvi wa halmashauri za pwani ya Mkoa wa Tanga, yaani Mkinga, Jiji la Tanga, Muheza na Pangani, pamoja na makatibu wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo kila mtu pwani huviita BMU. Unahusu kazi ya kupima hali ya mazingira katika eneo pana kuliko kijiji kimoja, kuyatathmini yaliyopimwa, na kuyafikisha mbele ya watu wenye mamlaka ya kuamua wakati bado hawajaamua. Hapo mwisho ndipo wengi tunaposhindwa. Kabati za ofisi zetu zina takwimu nzuri sana zilizofika baada ya kikao kwisha na muhtasari kusainiwa.

Huenda mtu akauliza kwa nini tupime kimkoa na si kila kijiji kwa nafasi yake. Jibu linaonekana ukisimama mdomoni mwa Mto Pangani. Maji yale yameanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yamepita Bwawa la Nyumba ya Mungu, yamezungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, na njiani yamegawiwa mashamba mengi. Maji ya mto yakipungua, chumvi ya bahari hupanda kuelekea juu, nayo huwafikia wenye visima na minazi ambao hawakushiriki katika uamuzi wowote uliofanyika huko. Vivyo hivyo Mto Zigi hutoka kwenye misitu ya Usambara Mashariki na kuingia Bwawa la Mabayani, linaloinywesha Tanga mjini. Anayepima tope bwawani bila kuwa na kipimo cha huko milimani atajua kwamba maji yamechafuka, lakini hatajua amwambie nani.

Pia hatuanzi sifuri. Kuanzia 1994 hadi 2007 mkoa ulikuwa na programu ya hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani, iliyoendeshwa na Serikali kwa msaada wa Ireland na ushauri wa kitaalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira ya asili. Katika programu hiyo wanavijiji wenyewe walifundishwa kuhesabu samaki na matumbawe chini ya maji, na pwani ikagawanywa katika maeneo ya usimamizi shirikishi yaliyovuka mipaka ya vijiji, kama vile Mtang'ata na Boza-Sange. Kabla hujanunua kamba mpya za kupimia, watafute waliopiga mbizi wakati ule, kwani wapo, na baadhi yao wanakumbuka kila mwamba walioupima.

Hatua ya kwanza: andika uamuzi kabla ya kuandika kiashiria

Chukua karatasi moja. Juu yake andika jambo litakaloamuliwa, nani ataliamua, katika kikao gani na tarehe ngapi. Swali kama "Hali ya bahari yetu ikoje?" halifai, kwa sababu hakuna kikao chochote kinachoketi kulijibu. Lakini swali kama "Je, mwamba uliofungwa kwa ajili ya pweza ufunguliwe mwezi ujao au uendelee kufungwa?" lina wenyewe, nao ni BMU na mkutano mkuu wa kijiji. "Je, kibali cha kukata boriti na mapau katika kipande hiki cha mikoko kitolewe?" ni swali la Wakala wa Huduma za Misitu, kwa sababu mikoko ni msitu wa hifadhi wa Serikali hata pale inapoota nyuma ya nyumba ya mtu. "Je, halmashauri itenge fedha za boti ya doria?" ni swali la madiwani.

Ukishamjua mwamuzi, fuata kalenda yake, wala usitegemee kwamba yeye ataifuata yako. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo ya bajeti za halmashauri hupikwa miezi mingi kabla ya hapo. Ripoti inayodai fedha na iwe mezani kabla ya Desemba. Ikiletwa Mei itapokewa kwa shukrani na kuwekwa kabatini. Mkutano mkuu wa kijiji na Baraza la Madiwani huketi kila robo mwaka, na tarehe hizo zinaweza kuulizwa mapema kwa mtendaji na kwa mkurugenzi.

Jambo moja zaidi linapaswa kuandikwa kwenye karatasi ileile, nalo ni gumu kwa sababu linawafunga watu mikono: kizingiti. Kubalianeni, kabla ya kupima, kwamba kipimo kikifika mahali fulani hatua fulani itachukuliwa. Kwa mfano, Kanuni za Uvuvi zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500. BMU inaweza kukubaliana kwamba sehemu fulani ya pweza wanaoletwa dikoni, yaani mahali vyombo vinaposhushia samaki, ikiwa chini ya uzito huo kwa bamvua mbili mfululizo, yaani vipindi viwili vya maji kujaa na kupwa sana, mwamba utafungwa. Sehemu hiyo iwe moja kwa nne au moja kwa tano, hayo ni ya kujadiliana ninyi wenyewe. Ila yajadiliwe wakati hakuna mtu anayejua kipimo kitasema nini, kwa sababu takwimu zikishatoka kila mmoja atatafuta kizingiti kinachomfaa.

Hatua ya pili: chagua viashiria vichache unavyoweza kuvilipia miaka kumi

Orodha za viashiria vinavyopendekezwa kwa mazingira ya pwani ni ndefu, na kila mtaalamu mgeni huongeza vyake. Ushauri wangu ni kuchagua vitano au sita, kila kimoja kikielekea kwenye uamuzi ulioandikwa katika hatua ya kwanza, na kukiacha kila kiashiria ambacho ukikiuliza "kikipanda au kikishuka tutafanya nini?" hakina jibu.

Kwa pwani yetu, uzani wa samaki kwa kila mvuvi kwa kila safari ni wa lazima. Jumla ya kilo zilizoshushwa haitoshi, kwa kuwa inaweza kupanda kwa sababu tu vyombo vimeongezeka, huku kila mvuvi akirudi na kidogo kuliko jana. Baada yake weka kiasi cha matumbawe hai, visiki vipya katika mikoko, chumvi ya mto, uangavu wa maji na joto la bahari. Milipuko ya baruti nayo ihesabiwe palipo na wasikilizaji wa kuaminika, wakiandika siku, saa na upande sauti ilikotoka.

Hatua ya tatu: weka vituo ukizingatia mkondo

Kituo cha kupimia kina kazi mbili: kuonyesha hali ya mahali pale na kukupa kitu cha kulinganisha. Ukipima miamba iliyofungwa peke yake hutajua kama samaki wameongezeka kwa sababu ya kufungwa au kwa sababu mwaka ulikuwa mzuri kila mahali. Kwa hiyo kila mwamba uliofungwa uwe na mwenzake ulio wazi, wenye kina na umbo linalokaribiana. Kanuni hiyohiyo inahusu kazi kubwa za ujenzi. Anayetaka kujua gati, uchimbaji wa mlango wa bandari au gati la mafuta la Chongoleani, linakoishia bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, linaleta badiliko gani, anahitaji vipimo vya kabla na vya baada, vya karibu na vya mbali. Mwenye mradi hutakiwa na sheria kufanya Tathmini ya Athari kwa Mazingira na kupima kwa upande wake, jambo ambalo haliizuii halmashauri kuwa na vituo vyake.

Lakini "mbali" ni wapi? Hapa ndipo watu hukosea. Mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima mbele ya pwani yetu, ukikimbia sana wakati wa kusi, yaani majira ya upepo wa kusini, na kulegea wakati wa kaskazi, majira ya upepo wa kaskazini. Maana yake ni kwamba tope linalotoka mdomoni mwa Pangani au vumbi la uchimbaji wa Tanga lina nafasi kubwa zaidi ya kuelekea Mkinga, kaskazini, kuliko kuelekea Mkwaja, kusini. Kituo cha kulinganishia kiwekwe kusini mwa chanzo, nacho cha kushuhudia athari kaskazini yake. Ndani ya ghuba na katikati ya miamba mambo hugeuka, kwani huko maji kujaa na kupwa ndiyo yanayotawala. Manahodha wa ngalawa watakuambia yanavyozunguka bila kuhitaji chombo chochote. Waulize, kisha uyaandike majibu yao kwenye ramani.

Kuhusu ramani, nieleze kosa langu mwenyewe ili usilirudie. Mwaka mmoja nilichukua vituo vya mikoko kutoka kwenye ramani ya zamani ya karatasi, nikaziingiza namba zake kwenye GPS, tukatoka watu sita na kamba, vigingi na chakula cha mchana. GPS ikatuongoza vizuri kabisa hadi tukasimama katikati ya mlango wa maji, tope likiwa juu ya magoti, mkoko wa karibu ukiwa ng'ambo. Ramani zile zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na GPS ilikuwa imewekwa WGS 84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili hapa kwetu ni takriban mita 300. Siku hiyo tuliipoteza yote, na maji yakajaa kabla hatujarudi. Tangu hapo, kila orodha ya vituo ninayoiandaa ina safu inayotaja mfumo wa ramani na ukanda, ambao kwa Tanga ni UTM 37 Kusini, na kila kituo kina picha na maelezo kwa maneno: "hatua arobaini kutoka mchu mkubwa wenye kovu, upande wa bahari."

Pale kituo kinapoangukia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009, au katika msitu wa Serikali, kibali kiombwe mapema.

Hatua ya nne: fuata kalenda ya mwezi

Ofisi zetu hupanga kazi kwa tarehe za ukutani, ilhali bahari hufuata mwezi. Wakati wa bamvua, siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, miamba huwa wazi, na akina mama na vijana hutoka kwa wingi kutafuta pweza kwa miguu. Wakati wa maji mafu wengi wao hubaki nyumbani. Wenye dagaa nao huvua kwa taa siku za giza na kupumzika mbalamwezi inapowaka. Karani akipima dikoni tarehe 15 ya kila mwezi, mwezi huu ataangukia bamvua na mwezi mwingine maji mafu, kisha ofisi itaandika kwamba pweza wanapanda na kushuka kumbe ni tarehe tu zilizokuwa zikihama.

Panga basi kupima kwa siku zilezile za mwezi wa angani, na linganisha kusi na kusi, kaskazi na kaskazi. Chumvi ya mto ipimwe maji yakiwa yamejaa kabisa wakati wa kiangazi, kwani hapo ndipo hupanda mbali zaidi, na ipimwe juu na chini ya kina, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito na hupita chini ya yale matamu. Aliyechota kwa ndoo juujuu tu atasema mto ni salama. Kupauka kwa matumbawe kutazamwe Machi na Aprili, mwishoni mwa kaskazi, maji yanapokuwa na joto la juu. Ni katika majira hayo ya 1998 ndipo miamba mingi ya Afrika Mashariki ilipogeuka meupe na sehemu kubwa yake kufa. Joto la maji likizidi kwa nyuzi 1 wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, na likadumu wiki kadhaa, usingoje ratiba ya kawaida, tuma wapiga mbizi.

Hatua ya tano: kazi ya dikoni

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ubora wa mfumo mzima unategemea mtu mmoja mwenye daftari, mizani na kalamu inayoandika hata ikilowa.

Karani afike kabla ya vyombo. Asalimie, kwani asiyeamkia wazee dikoni hatapata takwimu yoyote. Asichague chombo chenye samaki wengi kwa sababu kinavutia, bali afuate utaratibu uliokubaliwa, kama vile kila chombo cha tatu kinachotia nanga. Kwa kila chombo aandike aina ya chombo, aina ya zana, idadi ya wavuvi, saa walizotoka na kurudi, eneo walilovua kwa jina pana, na uzani wa samaki kwa makundi.

Kosa kubwa kuliko yote ni la waliorudi mikono mitupu. Nahodha akishuka hupunga mkono na kusema, "Leo patupu, mwanangu, nenda kwa wenzangu." Karani mwema hujibu, "Pole, mjomba. Hiyo patupu ndiyo ninayoiandika." Tazama hesabu yake. Tuseme wavuvi 12 wa mshipi wametoka asubuhi, wanane wamerudi na jumla ya kilo 36 na wanne hawakupata kitu. Ukiwaandika wote, wastani ni kilo 3 kwa mvuvi. Ukiwaacha wale wanne, wastani ni kilo 4.5, na bahari inaonekana ina neema ambayo haipo. Kwa hiyo fomu itofautishe sifuri na nafasi tupu: sifuri maana yake tumepima na hakuna, nafasi tupu maana yake hatukupima. Ofisini mtu asithubutu kujaza nafasi tupu kwa sifuri ili jedwali lipendeze.

Majina ya samaki ni mtego mwingine. Jina moja, mfano changu, hufunika aina nyingi, na samaki yuleyule huweza kuwa na jina moja Moa na jingine Kipumbwi. Tengenezeni kitabu cha picha kwa mkoa mzima, kila picha ikiwa na majina yote ya kienyeji chini yake na namba moja ya kuandikwa kwenye fomu. Dagaa huuzwa kwa ndoo, na ndoo ya Sahare si lazima ijazwe sawa na ya Kigombe, hivyo pimeni ndoo kumi katika kila diko mpate uzani wa kugeuzia, na mrudie kila msimu. Mizani yenyewe ijaribiwe kila asubuhi kwa kitu chenye uzito unaojulikana. Mfuko wa sukari wa kilo moja ambao haujafunguliwa unatosha, ilimradi karani asinywee chai.

Majina ya wavuvi yasiandikwe kwenye nakala inayokwenda wilayani, wala siri ya mahali mtu anapopata samaki isichorwe kwenye ramani ya kubandikwa ukutani. Siku mvuvi atakapoona daftari limemletea doria nyumbani kwake, daftari hilo limekufa.

Hatua ya sita: miamba, mikoko na maji

Kwa miamba, njia rahisi inayodumu ni kamba ya mita 50 inayotandazwa kwa kina kilekile, na mpiga mbizi akaandika kilicho chini ya kamba kila baada ya nusu mita: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, vifusi, mchanga, nyasi bahari, au kitu kingine. Nukta zinakuwa 100, kwa hiyo idadi ya nukta za matumbawe hai ndiyo asilimia yenyewe, na hakuna haja ya kikokotoo. Tandaza kamba kadhaa kwa kila mwamba. Vifusi viangaliwe kwa makini, kwani mwamba uliopigwa baruti huacha shimo la vipande vilivyosambaa, tofauti na mwamba uliokufa kwa joto, ambao hubaki umesimama.

Kwa mikoko, tumia viwanja vya mita 10 kwa 10. Mchu, mkandaa na milana hupimwa shina kwa kimo cha mita 1.3 kutoka chini, lakini mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya kaa, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Hesabu visiki na uvigawe katika vipya na vya zamani, maana kisiki kipya kinazungumzia mwaka huu na cha zamani kinazungumzia utawala uliopita. Vaa viatu vya kufunga. Ndala hubaki kwenye tope.

Maji yanayopimwa vijidudu yachotwe kwa chupa safi ya maabara, yawekwe kwenye barafu na kufikishwa siku hiyohiyo. Uangavu hupimwa kwa sahani ya Secchi, ya sentimita 30, nyeupe na nyeusi, ikishushwa upande wa kivuli wa chombo wakati jua liko juu.

Kabla ya msimu wowote, wapimaji wawili wapime kitu kilekile bila kuonyeshana. Wakitofautiana sana, tatizo la kushughulikia ni hilo kwanza.

Hatua ya saba: kuunganisha daftari nne ziwe moja

Wilaya nne zikitumia fomu nne hakuna tathmini ya mkoa. Kubalianeni juu ya jedwali moja: safu zilezile, vipimo vilevile, tarehe kwa mpangilio mmoja. Nakala ya kwanza iliyoingizwa kutoka kwenye daftari isiguswe kamwe. Masahihisho yafanywe kwenye nakala nyingine, na kila sahihisho liwe na jina la aliyelifanya na sababu. Nakala moja ikae wilayani, moja mkoani kwa mtaalamu wa mazingira wa sekretarieti, na moja mahali pengine kabisa, kwa sababu kompyuta za pwani huliwa na chumvi kama mabati.

Hatua ya nane: kutathmini

Kupima ni kusema kuna nini, na kutathmini ni kusema hilo lina maana gani kwa uamuzi ulio mezani. Kosa la kawaida ni kujumlisha wastani wa wilaya bila kujali ukubwa. Chukua mfano wa hesabu tu: wilaya moja ina hekta 3,000 za mikoko, na viwanja vyenye visiki vipya ni asilimia 10, nyingine ina hekta 300, na viwanja hivyo ni asilimia 50. Anayegawanya kwa mbili ataandika kwamba asilimia 30 ya mikoko ya eneo zima inakatwa. Ukizingatia ukubwa, ni kama asilimia 14. Namba zote mbili zinaleta vikao tofauti kabisa. Hata hiyo 14 isitembee peke yake, kwa sababu inaficha kwamba ile wilaya ndogo inawaka moto. Andika wastani sahihi, kisha utaje palipo pabaya.

Pili, usikimbilie sababu. Samaki wakipungua kwenye mwamba, sababu yaweza kuwa nyavu, baruti, joto, tope au mkondo, na kila moja inaelekea kwa mwamuzi mwingine. Ziandike zote, kisha ulize kila moja: kama hii ndiyo sababu, ni nini kingine kingeonekana? Kama ni tope la mto, miamba ya kusini mwa mdomo isingeathirika sawa na ya kaskazini. Kama ni joto, na ile iliyofungwa ingepauka pia. Mara nyingi sababu mbili zitabaki zimesimama. Basi ripoti iseme hivyo waziwazi, na itaje hatua inayofaa kwa zote mbili.

Tatu, swali la "ukilinganisha na lini?" lisipite kimya. Wapimaji vijana huchukua mwaka wa kwanza wa daftari kuwa ndiyo hali ya asili. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilitangazwa kuwa eneo tengefu la bahari 1975, kikiwa na mivinje na kasa wakitaga chini yake. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwenda na kisiwa kimebaki fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kijana aliyeanza kupima 2010 atasema Maziwe haijabadilika sana, naye atakuwa anasema kweli ya daftari lake. Keti na wazee, uwaulize kwa matukio wanayoyakumbuka badala ya miaka, na uyatenge majibu yao katika sehemu yake, bila kuyageuza kuwa tarakimu.

Hatua ya tisa: kikaoni

Diwani ana kabrasha la kurasa nyingi na ajenda kumi. Mpe ukurasa mmoja: uamuzi unaotakiwa, tuliyoyapima, tuna uhakika kiasi gani, chaguo zilizopo na gharama ya kila moja, ikiwamo gharama ya kutofanya lolote. Ramani moja ina nguvu kuliko majedwali matano. Uhakika uelezwe kwa maneno yanayoeleweka, mfano "miamba mitano kati ya sita imeonyesha hivi, wa sita haukupimwa kwa sababu ya upepo." Anayeficha ule wa sita atakutana nao mdomoni mwa mvuvi aliyeketi nyuma.

Kabla ya madiwani, rudi kijijini. Waliotoa samaki wao kupimwa waone michoro kwanza, ibandikwe dikoni, nao wapewe nafasi ya kusema "hapa mmekosea." Mara nyingi watakuwa sahihi kuhusu jambo moja angalau, kama vile siku fulani ya upepo iliyosahaulika ofisini.

Baada ya kikao, andika chini ya ukurasa uleule uamuzi uliofikiwa, hata kama si ule uliopendekezwa, pamoja na bamvua ambayo kipimo kifuatacho kitafanyika, jina la cheo cha atakayeshika mizani, na kifungu cha bajeti kitakachonunua kamba. Nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji, na nyingine ibanwe ndani ya jalada la mbele la daftari la diko, mahali ambapo karani ataiona kila anapolifungua.